Dakika moja hewani: Nilivyojifunza kurusha helikopta ya rimoti

KIKOMBE cha mama kilipasuka kabla sijaelewa kilichokuwa kikiendelea.

Ilikuwa Jumapili jioni, nyumbani kwetu mtaani Donholm, Nairobi. Nilikuwa nimeketi sebuleni, helikopta ya rimoti ikiwa juu ya meza, nikijaribu kurekebisha vijiti vyake vidogo. Betri ilikuwa imechomekwa. Mota ilikuwa imeunganishwa. Mapanga yalikuwa yamefungwa. Nilipogeuka kuchukua bisibisi, mkono wa sweta langu ulisukuma fimbo ya kushoto ya rimoti.

Sauti iliyofuata ilikuwa kama ya posho mill ikiwashwa ndani ya chumba kimoja. Helikopta ilijitupa upande, ikachana pazia, ikavunja kikombe na kuishia nyuma ya kochi, bado ikijipigapiga ukutani.

Mama alikuwa ameinuka kutoka kwenye kochi hilo kama dakika moja hivi kabla, kwenda kuangalia sufuria jikoni.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akalitazama pazia, akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. "Hicho kidude kitoke nyumbani kwangu leo," akasema, akarudi jikoni.

Kidude chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha kaka yangu mkubwa. Bro alikinunua kwa mkono wa pili, akawa anabadilisha kipuri kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi. Kabla hajamaliza, akapata kazi Qatar. Aliondoka na begi moja, helikopta ikabaki kwenye katoni chini ya kitanda changu. Ujumbe wake kwenye WhatsApp ulikuwa mfupi: "Ukiweza kuituliza hewani dakika moja bila kuanguka, ni yako. Ukiiharibu, usiniambie."

Dakika moja tu. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Ilinichukua miezi mitano.

Hii si droni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba helikopta ya rimoti ni binamu wa droni. Wasee wengi mtaani wameshawahi kushika droni ya harusi, hata kama ni kwa dakika mbili. Ukiachilia fimbo za droni, inakaa pale pale ikikungoja. Ndani yake kuna kompyuta inayofanya kazi ngumu, tena nyingi hutumia GPS kujua ziko wapi.

Helikopta ya aina niliyoachiwa haina huruma hiyo. Ukiachilia fimbo, inaanza kuteleza upande mmoja, na kadiri inavyoteleza ndivyo inavyoongeza kasi. Kuituliza hewani ni kama kusawazisha gololi juu ya sahani iliyogeuzwa juu chini. Hakuna mahali gololi inapokaa yenyewe. Kazi yako ni kuirudisha kila mara, kidogo kidogo, kabla haijaamua kuondoka.

Tena unafanya mambo manne kwa wakati mmoja. Kwenye rimoti yangu, fimbo ya kushoto ikienda juu na chini inabadilisha nguvu za mota pamoja na pembe ya mapanga, yaani jinsi yanavyouma hewa. Ikienda kushoto na kulia inageuza mkia. Fimbo ya kulia ndiyo inayoinamisha helikopta mbele, nyuma, kushoto au kulia. Ukigusa moja, nyingine tatu zinahitaji marekebisho. Ukiongeza nguvu kupanda, mwili unataka kujizungusha upande wa pili wa mapanga, kwa hivyo mkia lazima usukume zaidi. Mkia ukisukuma, helikopta nzima inasogea upande. Ndiyo maana helikopta nyingi za rimoti, ambazo mapanga yake huzunguka kama mshale wa saa, hutulia hewani zikiwa zimeinamia kulia kidogo. Si ubovu. Ndivyo zilivyo.

Kama hilo linakuvunja moyo, jua kwamba hata wakubwa walianza hivyo. Igor Sikorsky alipoijaribu helikopta yake ya VS-300 nchini Marekani mnamo Septemba 14, 1939, ilikuwa imefungwa ardhini kwa kamba za chuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Safari ya kwanza bila kamba ilikuja Mei 1940. Mtu aliyeibuni mashine alihitaji miezi kadhaa kabla ya kuiachilia. Mimi nilitaka wikendi.

Fundi

Baada ya mkasa wa kikombe nilibeba katoni hadi kwa mzee mmoja wa estate yetu ambaye kila mtu humwita Fundi. Amestaafu, lakini kwa miaka mingi alikuwa mekanika wa ndege ndogo katika uwanja wa Wilson. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Makaratasi yako wapi?" ndilo swali lake la kwanza.

Nilikuwa sijafikiria makaratasi. Kumbe Kenya ina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, zilizotolewa mwaka wa 2020, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Mambo kama kuingiza mashine nchini, kuisajili na mahali pa kuirusha yote yamo humo. Kuna watu wameagiza vyombo mtandaoni, mzigo ukafika uwanja wa ndege ukakwamia forodhani kwa sababu hawakuwa na kibali. Bahati yangu, Bro alikuwa ameacha bahasha ya karatasi chini kabisa ya katoni. Fundi alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amevaa miwani yake. Kisha akasema bado tutauliza KCAA wenyewe kabla ya kugusa chochote, na tukauliza.

Swali lake la pili lilikuwa kuhusu kikombe. Nilimweleza. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama najua ncha ya panga hilo inakwenda kasi gani.

Tulipiga hesabu kwenye kikaratasi. Helikopta ya Bro ni ya saizi inayoitwa 450. Duara la mapanga yake lina upana wa takriban sentimita 70. Mapanga huzunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Zidisha mzingo wa duara kwa mizunguko hiyo: ncha inapita hewani kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna matatu ya Thika Road iliyowahi kufika hapo.

"Mnamo 2013," Fundi akasema, "kijana wa miaka 19 huko Brooklyn, New York, aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Bustanini, mchana. Na hakuwa mwanafunzi kama wewe. Alikuwa mjuzi."

Nilienda nyumbani nikaangalia habari hiyo kwenye simu. Ilikuwa kweli. Helikopta yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, lakini usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nikiliona kochi.

Kuiseti mezani

Kwa wiki tatu hatukurusha chochote. Tulikaa kwenye meza ya Fundi kila jioni nikishafunga duka la simu ninakofanya kazi. Sheria yake ya kwanza aliiandika kwa kalamu kwenye ubao wa katoni: MAPANGA YATOKE, NYAYA ZA MOTA ZITOKE. Ukishatoa nyaya mbili kati ya tatu zinazoenda kwenye mota, unaweza kuwasha vingine vyote na kurekebisha bila hofu. Kama ningejua hilo mapema, mama angekuwa na kikombe chake.

Kisha tukafungua skrubu zote, moja baada ya nyingine. Zile zinazoingia chuma kwa chuma zilipata tone dogo la gundi ya skrubu, ili mtikisiko usizilegeze. Zinazoingia kwenye plastiki hazipakwi gundi hiyo. "Helikopta ni skrubu elfu zinazotafuta nafasi ya kutoroka," Fundi alizoea kusema.

Halafu tukafika kwenye kiini chenyewe. Chini ya mapanga kuna sahani inayoyumba, ambayo mafundi huiita swoshipleti. Inashikiliwa na mota ndogo tatu zinazoitwa servo. Ukisukuma fimbo ya kulia mbele, servo zinaiinamisha sahani, sahani inainamisha mapanga, na helikopta inaenda mbele. Ukipandisha fimbo ya kushoto, sahani nzima inapanda na mapanga yote yanauma hewa kwa pamoja.

Kila kitu kinaanzia katikati. Fimbo ikiwa katikati, mikono ya servo inapaswa kusimama wima kabisa dhidi ya vijiti vyake, pembe ya nyuzi 90. Sahani iwe sawa kama meza. Na mapanga, ukiyapima kwa kipimo cha pembe, yasome sufuri. Panga langu moja lilisoma sufuri, la pili lilisoma nyuzi mbili. Bro alikuwa amelazimisha kijiti kimoja kirefu kuliko mwenzake. "Hii ingetikisika hadi ijivunje," Fundi akasema, akanipa koleo nizungushe kichwa cha kijiti nusu mzunguko kwa wakati mmoja.

Mitambo ikishakuwa sawa, ndipo unaingia kwenye rimoti na kumpangia mwanafunzi. Kwa anayeanza, fimbo ikiwa chini kabisa panga liwe kama nyuzi mbili chini ya sufuri, ikifika katikati liwe kama nyuzi tano au sita, pale helikopta inapotulia hewani, na juu kabisa iwe tisa au kumi. Hapa nikajifunza jambo ambalo video za wazungu hazisemi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Panga linaloshika vizuri kule Pwani huku linashika kidogo, kwa hivyo unahitaji pembe kubwa zaidi au mzunguko wa kasi zaidi. Bro alikuwa amefuata namba za mtandaoni neno kwa neno. Fundi alituongezea nyuzi moja.

Gia tulizipima kwa ukanda wa karatasi. Unaupitisha kati ya meno ya gia ndogo na kubwa; ukitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni nzuri. Ukichanika, gia zimebanana na zitalana.

Mapanga nayo tuliyaweka kwenye mizani. Moja lilikuwa zito. Kipande cha selotepu kwenye lile jepesi kilimaliza ubishi. Halafu tukaishika helikopta kwa vidole viwili, pale mapanga yanapofungiwa, tuone pua inaelekea wapi. Ikiinama mbele sana, sogeza betri nyuma. Ikiinama nyuma, sogeza mbele. Si kazi ya kompyuta. Ni vidole viwili na macho.

Jaribio la mwisho lilikuwa la jairo, kile kisanduku kidogo kinachozuia mkia usizunguke ovyo. Kwanza hakikisha fimbo ya mkia inaugeuza upande unaotaka. Kisha, ukiwa umeshika helikopta mkononi, nyaya za mota bado zikiwa nje, igeuze pua ghafla kushoto. Servo ya mkia lazima ijibu kana kwamba umesukuma fimbo kulia. Ikijibu kinyume, helikopta itajizungusha kama pia mara tu itakapoinuka, na hakuna kidole kitakachoiokoa. Yangu ilijibu kinyume. Swichi moja ndogo ubavuni mwa jairo ilitosha kuirekebisha. Nilijiuliza ingekuwaje kama ile Jumapili ningeamua kuijaribu nje, penye watoto wa estate.

Kuanguka mara mia

"Sasa kaanguke," Fundi akaniambia. Alimaanisha kwenye laptopu.

Kuna programu za kuigiza urushaji, simuleta, ambapo unaunganisha rimoti yako halisi kwa waya na kurusha helikopta kwenye skrini. Nilidhani ni geimu. Jioni ya kwanza nilianguka mara 31. Nilizihesabu kwa kuchora mistari nyuma ya risiti. Fundi alikuwa amesema hanipeleki uwanjani hadi niangushe mara mia moja na nichoke kuanguka.

Kosa langu lilikuwa la kila anayeanza. Nilikuwa napiga fimbo kama mtu anayecheza FIFA. Helikopta haitaki hivyo. Inataka milimita. Unasukuma kidogo, unarudisha, unasukuma kidogo upande wa pili kuizuia. Na ile ya pili ndiyo siri: ukiinamisha helikopta kulia ili iache kuteleza kushoto, ukiirudisha sawa bado itakuwa na mwendo. Lazima uiwahi kabla haijafika unakotaka.

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naweza kukaa dakika tatu kwenye skrini, mkia ukiwa umenielekea. Fundi akaja, akatazama, akasema neno moja: "Jumamosi."

Pa kurushia

Nairobi si mahali rahisi. Upande huu kuna JKIA, upande ule Wilson, na hapo Eastleigh kuna kambi ya jeshi la wanahewa. Donholm tuko katikati ya hayo yote. Hata kama kiwanja cha estate kingekuwa kitupu, ambacho hakiwi, si pa kurusha chombo. Fundi ana binamu mwenye shamba upande wa Tala, Machakos, lenye kipande kikubwa kilichoachwa kipumzike, ardhi ngumu na majani mafupi. Huko ndiko tulikokwenda, matatu mbili na bodaboda moja, katoni ikiwa mapajani kama mtoto mgonjwa.

Chini ya helikopta tulifunga vijiti viwili vilivyopishana, kila ncha ikiwa na kimpira cha plastiki. Vinaifanya ionekane kama buibui, na vijana wa pale walicheka sana, lakini vinazuia isipinduke mwanafunzi anapoiteremsha vibaya.

Kabla ya kuipandisha, Fundi alinisimamisha mbali akapandisha kasi ya mapanga taratibu. Alikuwa amebandika utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja. Ukitazama kwa ubavu mapanga yakizunguka, ncha zote mbili zinapaswa kuonekana kama mstari mmoja. Tuliona miwili, mwekundu ukiwa juu. Akazima, akakirekebisha kijiti cha panga hilo nusu mzunguko, akarudia. Mstari ukawa mmoja, na mtetemo kwenye mkia ukaisha.

Kisha akanipa rimoti. "Mita sita nyuma yake. Mkia ukuangalie wewe. Tazama pua, usitazame mkia."

Jumamosi tatu za kwanza sikuinua helikopta hata sentimita kumi. Niliiteleza tu ardhini, ikiwa nyepesi, nikijifunza kuushikilia mkia. Inachosha. Inatia aibu pia, hasa watoto wa shamba la jirani wanapouliza, "Lini itaruka?"

Ilipoanza kuinuka niligundua kitu kingine. Karibu na ardhi, upepo wa mapanga unagonga chini na kurudi, helikopta inatikisika kama mashua. Mwanafunzi anaogopa kupanda, kwa hivyo anakaa palepale penye fujo. "Ogopa chini, usiogope juu," Fundi alinifokea. Nilipothubutu kufika kiasi cha kifua changu, ikatulia ghafla. Sekunde nne. Nane. Kumi na moja.

Siku niliyoivunja

Jumamosi ya tano nilikuwa nimefika sekunde 35, na kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba. Upepo wa saa tano ulianza kuvuma. Fundi alisema tufunge. Nikasema moja tu ya mwisho.

Upepo uliukamata mkia, helikopta ikageuka, na kufumba na kufumbua pua yake ilikuwa inanitazama. Pua ikikutazama, kushoto na kulia kwake ni kinyume na kwako. Ilianza kuteleza upande wangu wa kulia. Nikasukuma fimbo kushoto, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Hiyo ilikuwa kuisukuma zaidi kulia. Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Fundi alipiga kelele, "Kata!" Kwenye rimoti kuna swichi inayozima mota papo hapo. Nilikuwa nimeigusa mara mia mezani. Uwanjani kidole hakikusogea. Helikopta iligonga ardhi ikiwa bado na nguvu zote. Mapanga yakavunjika, bomba la mkia likakatika vipande viwili, mhimili mkuu ukapinda, gia kubwa ikabaki na meno ya mzee.

Kipande kimoja cha panga kilipita juu ya kichwa cha Fundi. Hakuinama. Sidhani alipata muda wa kuinama.

Hakunigombeza njia nzima ya kurudi. Hilo lilikuwa baya zaidi. Tulipofika Donholm ndipo alisema, "Vipuri vinanunuliwa. Ungeikata, ungenunua mapanga tu. Na ungenisikia nilipokwambia tufunge, usingenunua chochote."

Vipuri vilinila Sh9,400, karibu nusu ya mshahara wangu, na wiki tatu za kungoja. Bro hakuambiwa, nilifuata maagizo yake. Wiki hizo nilirudi kwenye laptopu, pua ikinitazama, hadi nikajua dawa yake: fimbo iende upande ule duara la mapanga linaloinamia, kana kwamba unaweka kigingi chini yake kisiangukie huko. Nilifanya pia zoezi la kijinga: nilikaa kitandani nimeshika rimoti iliyozimwa, nikisema "kata" na kupiga swichi. Mara hamsini kila usiku. Ndugu yangu mdogo alidhani nimechanganyikiwa.

Dakika

Siku ile mama aliamua kuja. Hakusema sababu. Alibeba kiti cha plastiki na mwavuli, akaketi mbali kabisa kwenye ukingo wa shamba, pale Fundi alipomwonyesha, na mkoba wake mapajani kama yuko kanisani.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, hewa imelala. Nilikagua betri: imejaa, volti 12.6 kwa seli zake tatu. Niliweka saa ya rimoti ilie baada ya dakika nne, kwa sababu betri hizi za lipo ukizikausha zinakufa, na ukizichaji vibaya zinaweza kuwaka moto. Yangu huchajiwa kwenye sakafu ya saruji, mbali na chochote kinachoshika moto, nikiwa nimeketi hapo hapo. Nilivuta kila kijiti kwa kidole. Nikarudi nyuma hatua zangu za mita sita.

Ilipanda hadi kifuani. Ikainamia kulia kidogo, kama inavyotakiwa. Nilitazama pua. Sekunde ishirini nilikuwa bado sijapumua. Fundi akasema taratibu, "Vuta pumzi, kijana," nikavuta. Iliteleza mbele, nikairudisha. Mkia ukacheza, nikaushika. Hakukuwa na muziki wala raha yoyote niliyotegemea. Kulikuwa na vidole viwili na kijiti chekundu cha mbele nilichokuwa nikikifuata kama mtu anayesoma maandishi madogo sana.

Fundi ndiye aliyekuwa na saa. Aliposema "sabini na mbili, shusha," nilidhani ananidanganya. Nilishusha. Mikono ilianza kutetemeka baada ya mapanga kusimama, si kabla.

Mama alibaki kwenye kiti chake hadi Fundi alipompungia mkono. Alikuja akiruka mashimo ya fuko, akaizunguka helikopta mara moja bila kuigusa.

"Ndiyo hiyo tu? Inakaa tu hapo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Na ni ngumu hivyo?"

"Ni ngumu hivyo."

Akatikisa kichwa. "Kikombe changu bado hujakilipa."

Ukitaka kuanza

Nimeulizwa na vijana kadhaa mtaani waanzie wapi. Jibu langu ni fupi na halipendwi: anza na makaratasi na simuleta kabla ya mashine. Uliza KCAA kwanza, si baada ya mzigo kufika. Nunua rimoti nzuri, kwa sababu hiyo utabaki nayo hata helikopta ikivunjika. Chagua helikopta ambayo vipuri vyake vinapatikana, maana utaivunja. Tafuta mtu mzima wa kazi hiyo, fundi wa ndege, wa redio, wa pikipiki hata, mtu mwenye mazoea ya kukagua kitu mara mbili. Usirushe penye watu, na usirushe wakati umechoka au unataka kuonyesha mtu kitu. Mapanga yasifungwe ndani ya nyumba, hata siku moja.

Video nilimtumia Bro jioni hiyo. Alama mbili za buluu zilitokea mara moja, halafu kimya cha kama dakika kumi. Nilijua huko Qatar ilikuwa saa ya kutoka kazini. Kisha ujumbe ukaja.

"Mkia unatikisika sana. Punguza geini ya jairo." Na chini yake: "Ni yako sasa."

Nilimwonyesha Fundi. Akavaa miwani yake, akaitazama video tena, mara mbili.

"Kaka yako ana macho," akasema. "Jumamosi tuipunguze."